Folda Iliyoandikwa Mama

Ndugu yangu ndiye aliyetaka tugawane diski. Kompyuta ni moja, iko sebuleni kwetu Jericho, hapa Nairobi, na ndiyo inayonilisha: natengenezea watu kadi za harusi na programu za mazishi. Yeye huijaza muziki wake, tukagombana kila uchao. "Siste, kila mtu akae side yake," alisema. Nilikubali kwa sababu nilichoshwa na kelele.

Kumbe diski iliyojaa haigawanyiki. Lazima kwanza sehemu ya zamani ifinywe, na haifinyiki kama haina nafasi wazi. Basi nilipokwenda kanisani, ndugu yangu, bwana mkubwa, akabaki nyumbani anafuta mafaili. Alidhani ananisaidia.

Wateja wangu wengi ni wanawake, na huku kwetu mwanamke huitwa kwa watoto wake au kwa biashara yake. Kwa hiyo folda zangu zilikuwa Mama Mapacha, Mama Samaki, Mama Chapo, Mama wa Kona. Juu yazo ilikuwapo moja iliyoandikwa Mama tu. Humo niliweka sauti ya mama yetu mzazi, niliyoirekodi kwa simu akichambua omena, wale dagaa wadogo, na kusimulia alivyofika Nairobi, akicheka, akinikatiza, akiniita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Simu yenyewe niliibiwa Mathare baada ya kumzika. Sikuwa na nakala nyingine.

Niliporudi alikuwa amemaliza.

"Nimetoa hizo za makastoma wa kitambo, zile za kina Mama nani," alisema, meno yote nje. "Saa hii kuna space mob."

"Na ile ya Mama?"

"Mama gani?"

"Mama yetu!"

"Si ungeandika Mathe? Mimi ningejuaje?"

Ni kweli, tangu abalehe, sauti ikawa nzito, hakuwahi kumwita Mama. Alikuwa Mathe jikoni, Mathe hospitalini, Mathe hata tulipomwaga udongo. Lakini siku hiyo sikutaka kusikia ukweli wa mtu yeyote. Nilimtukana mpaka majirani wakatoka, na sijafuta hata tusi moja.

Faili iliyofutwa yaweza kurudi, mradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Yeye alikuwa ameshakata upande wake palepale penye nafasi ya folda zile, akamimina nyimbo. Nilijaribu programu za kurejesha, moja baada ya nyingine. Zilinirudishia picha za marehemu wa watu, wazee wa suti na watoto wa sare za shule, nyuso ambazo familia zao zilishazichukua. Mama hakurudi.

Aliniomba msamaha akilia. Nikamwambia yameisha, na nilidanganya. Akiwasha upande wake, spika zikaanza kudunda, mimi hutoka nje nikasimama penye kamba za nguo, maana najua muziki ule umekalia sauti ya nani.