Kuta za Waanglikana, Paa la Wamethodisti

"Wakigawana kanisa, wewe utakwenda na kuta au utakwenda na bati?"

Aliyeniuliza ni Zaituni, mtoto wa jirani, tukiwa tumepanga ndoo bombani, na aliuliza huku anacheka. Kwao walikuwa Waislamu. Msikiti wao ulikuwa wao kuanzia msingi hadi mwezi wa juu, na habari ya kanisa moja kuwa na wenyewe wawili ilimchekesha kila alipoikumbuka. Nilimwambia asogeze ndoo, zamu inapita. Swali hilo nilikuwa nalo tayari tangu Jumapili, na lilikuwa limeninyima hamu ya kula.

Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Manyoni, mahali ambapo treni unaisikia muda mrefu kabla ya kuiona. Kabla sijazaliwa, Waanglikana walifyatua matofali wakainua kuta za kanisa, nguvu zikawaishia kwenye lenta. Kuta zikakaa bila kichwa, mvua ikaanza kuzilamba. Wamethodisti walikuwa wachache na walisali darasani kwenye shule ya msingi. Wao wakaleta mbao na mabati. Ikaundwa kamati ya pamoja, wazee wa huku na wazee wa kule, uenyekiti ukipokezana kila mwaka. Waanglikana wasali asubuhi, Wamethodisti wafuate. Mimi nilikulia chini ya makubaliano hayo bila kujua kwamba ni makubaliano. Nilichojua ni sauti ya paa. Jua likipanda, mabati yalitanuka na kulia ta, ta, ta, kama mtu anayevunja vijiti, na upepo wa kiangazi ulipovuma toka upande wa reli, ukingo mmoja uliinuka kidogo na kujipiga. Sauti hiyo ilikuwa inanibembeleza mpaka nasinzia katikati ya mahubiri. Mwaka ule ikaanza kunitisha.

Baba yangu alikuwa Mwanglikana, na zamu ya uenyekiti wa kamati ilikuwa yake. Mama alizaliwa Mmethodisti, akaolewa, akamfuata baba. Babu, baba yake mama, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wazee wa Wamethodisti: mtu mrefu, mkimya, ambaye hata shikamoo yake aliipokea kwa kushusha kope tu. Kwa hiyo ugomvi wa kanisa ulipoanza, haukuwa na njia nyingine ya kupita ila mezani kwetu.

Ulianza kwa kuchelewa. Mchungaji wa Waanglikana alihudumia vijiji vingi kwa pikipiki moja, na kila Jumapili ya ushirika mtakatifu aliingia jua likiwa limeshakuwa kali. Ibada ikasogea, ikala muda wa wenzetu, nao wakasimama nje, kwenye uwanja usio na kivuli, wakisikiliza tunavyoimba. Jumapili moja bibi mmoja wa Kimethodisti, ambaye alikuwa na desturi ya kutugawia karanga, alianguka pale nje. Alimwagiwa maji, akapewa uji, akarudiwa na fahamu. Babu aliingia kanisani kofia mkononi, akasubiri kwa adabu mpaka baraka ya mwisho ikatolewa, kisha akasema bila kupandisha sauti: "Kuta ni zenu. Kaeni nazo. Paa ni letu, tutakuja kulichukua."

Siku zilizofuata niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa tena, hata kwa mambo makubwa zaidi. Mtoto hufikiri kwa mfano wa kitu kilicho mbele yake. Kama kanisa lilijengwa na pande mbili na sasa kila upande unachukua chake, na nyumba yetu je? Nilianza kuigawa. Kabati lilikuwa la baba. Kitanda kikubwa mama alikuja nacho. Jembe la kukokotwa la baba, sufuria za mama. Mdogo wangu, ambaye bado alikuwa ananyonya, lazima angekwenda na mama. Nilipofika kwangu mwenyewe, hesabu ilikataa. Nilipokosa usingizi usiku, nikalishwa nikatapika, mama alinipima homa kwa kiganja na kusema malaria imerudi. Nilimeza vidonge bila kubisha. Ningemwambia nini?

Nyumbani hapakuwa na kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mama alipika, akaweka, akatoka nje. Baba alikula peke yake. Jumapili iliyofuata mama alifunga kitenge, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kusali na baba yake darasani, walikorudi Wamethodisti. Baba alimtazama mpaka akakata kona ya mashine ya kusaga.

Kamati ilikaa jioni hiyohiyo ndani ya kanisa. Sisi watoto tulijipanga madirishani. Babu alirudia maneno yake yaleyale. Mzee mmoja wa upande wetu, mfupi, mwenye mdomo, akasema mabati yenyewe yameshapata kutu, wayachukue wakafunikie mabanda ya kuku. Watu wakacheka, na wengine wakasimama. Kisha wote wakamgeukia baba, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti. Niliona mikono yake imeshika magoti. Alitazama sakafu.

"Mwenyekiti, sema," mtu akamwambia.

Baba akakohoa, akaendelea kutazama sakafu.

"Huyu hatasema," yule mfupi akasema. "Anamwogopa mkwewe. Tumemchagua bwana harusi, hatukumchagua mwenyekiti."

Nilishuka dirishani. Nilikuwa nimemwamini baba kama mtu anavyoamini ukuta, na sasa niliona kwamba na yeye anaogopa. Hapo hofu yangu ikakosa mahali pa kujificha.

Walikuja Jumamosi asubuhi, ngazi ikiwa juu ya mkokoteni. Vijana waliokuja na babu waliitegemeza ukutani, kisha wakaanza kutazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kung'oa msumari kwenye nyumba ya Mungu. Babu akavua koti, akaichukua nyundo, akapanda mwenyewe. Ngazi ilikuwa mbovu, ikayumba. Nikamwona baba anatoka katikati ya Waanglikana waliojikusanya, anaivuka ile nafasi tupu iliyowatenga, anaikamata miguu ya ngazi kwa mikono miwili. Watu wa upande wetu wakaguna. Yule mzee mfupi akatema mate, akasema, "Si niliwaambia?" Baba hakuinua uso. Akaishika tu ngazi ya mtu aliyekuwa anatubomolea kanisa.

Msumari wa bati ukitoka kwenye mbao unalia kama mnyama. Mpaka leo nikiusikia mlio huo huwa nauma meno. Ulitoka mmoja, ukafuata mwingine, bati likainuka, na mwanga ukaanguka ndani ya kanisa kama kitu kizito. Nilichungulia mlangoni. Mama alikuwa ndani. Sijui aliingia saa ngapi. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mdogo wangu mapajani, chini kabisa ya lile tundu, na vumbi la miaka yote lilikuwa linamshukia kichwani.

Kichwa cha babu kikatokea juu, cheusi kwenye mwanga. "Mwanangu, toka hapo. Utaumiza mtoto."

"Endelea tu, baba," mama alisema. "Paa ni lako, mimi nimekaa tu. Ukilimaliza ndipo nitajua pa kwenda."

Nilidhani anajibu lile swali langu. Nilidhani akitaja mahali, basi yote yamekwisha. Lakini babu hakumwuliza pa kwenda. Alimtazama muda mrefu. Kisha akatazama upande wa pili, chini ya ngazi, alipokuwa baba. Mwishowe babu akanyoosha mkono nje. "Nipeni ile misumari," alisema. Iliyopinda akainyoosha kwa nyundo palepale juu, akalirudisha bati mwenyewe.

Kijiji kilieleza kila mtu kwa namna yake. Wengine walisema babu alimhurumia mtoto, wengine kwamba alimwogopa Mungu, na Zaituni alisema jua lilikuwa kali, mzee alichoka. Kamati ilikaa tena na kukubaliana jambo dogo: mwenye zamu ya pili asisubiri nje. Akifika aingie, akae mabenchi ya nyuma. Mchungaji akichelewa, Wamethodisti waliokaa nyuma huanzisha nyimbo, na wa mbele huziitika. Likizo nikirudi nakuta bado ni hivyo. Mgeni hawezi kujua ibada ya nani imeisha na ya nani imeanza. Mahali pa lile bati panavuja, misumari haikushika vizuri, na wanaweka ndoo.

Chuoni nilisoma sosholojia, na nikajifunza kuyauliza maswali mambo yote: kanisa, kamati za wanaume watupu, Mungu mwenyewe. Mwaka huu watu wa mchumba wangu walipokuja nyumbani kuzungumza habari ya mahari, nilimwambia mama sitaki itolewe. Nilimwambia ng'ombe hutoka upande huu, hupotea upande ule, na mwanamke hapati anachoweza kuonyesha kwa kidole. Nilimaliza kwa kumwuliza, kwa ukali ambao nilidhani ni wa hoja, "Ng'ombe wa mahari yako wako wapi?"

Mama alikuwa anapepeta uwele. Hakuacha. Alisema mwaka alioolewa kuta zilikuwa zinaloa, na Wamethodisti walikuwa wameahidi paa wakashindwa, na babu aliona aibu kwa niaba yao. Baba, bwana harusi mpya, alikwenda mnadani kununua chumvi ya mifugo, akawakuta ng'ombe wa nyumbani kwao, aliowachunga tangu mdogo, wakiuzwa na baba mkwe wake. Hakuuliza. Mkwe haulizwi ng'ombe wamekwenda wapi. Na hakusema popote, hata siku ile kwenye kamati, kwamba kila bati la Wamethodisti juu ya kuta zile lilinunuliwa kwa ng'ombe wa baba yake mzazi, Mwanglikana, waliotolewa mahari kwa ajili ya mama.