Driver yangu ilimfanya mama wa watu aitwe mwizi, nikagoma kunyamaza

Wakuu, habari za mchana.

Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani, leo nimeamua kuandika. Haya nimeyafanya kwa mikono yangu na aibu iliyomo ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kupamba.

Najua wapo watakaoanza na "kernel, Korogwe?" Ndiyo, Korogwe. Nina kibanda karibu na stendi, natengeneza simu na redio, na pembeni naandika driver, yaani programu inayoiwezesha kernel, kiini cha Linux, kuongea na kifaa. Mwenye kucheka acheke amalize, tuendelee.

Kampuni moja ya Dar, jina silitaji, ilinipa kazi ya kifaa cha kupima kina cha maji kwenye tangi la kijiji kimoja upande wa Kwedizinga. Ni kiboksi chenye Linux ndani, betri na paneli ndogo ya sola.

Humo ndani kuna vitu viwili tu vya kujua.

Kuna chipu inayopitisha umeme na data, hiyo kernel inaiita parent. Nyuma yake kuna sensa inayopima maji, hiyo ndiyo child. Parent akilala, child hana umeme.

Kernel imeliwekea jambo hili utaratibu mzuri tu. Parent halali wakati child yuko macho, na child akiamshwa, parent anaamshwa kwanza.

Sasa mimi, kwa ujuaji wangu, nikauvunja.

Wakati wa majaribio betri ilikuwa inaisha haraka. Nikaona parent halali kabisa, maana child anahesabika yuko macho muda wote. Badala ya kutafuta kwa nini, nikaweka mstari mmoja wa kumwambia parent asijali watoto wake. Wanaoijua wanaiita ignore_children. Betri ikatulia, nikajipongeza kwa chipsi mayai.

Pale mezani nilikuwa nasoma sensa kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo parent hakupata hata nafasi ya kusinzia. Kila kitu kikaonekana safi. Nikakabidhi.

Kijijini kuna Mama Mwanaidi, ndiye mshika ufunguo wa maji. Kabla ya boksi langu alikuwa anapima tangi kwa mwanzi uliokatwa alama, anaandika kwenye daftari. Boksi lilipokuja hakuacha. Watu wanachota asubuhi, mchana bomba linafungwa ili tangi lijae, halafu anafungua tena baada ya sala ya alasiri.

Mchana huo, maji hayachotwi, ndipo boksi langu lilipokuwa linalala.

Wiki chache baadaye bosi wa ile kampuni akanipigia. Ripoti inaonyesha kila alasiri bomba likifunguliwa tangi ni sifuri. Daftari la mama linasema robo tatu. Kamati ya maji imeshaamua kwamba mchana anawauzia wafugaji maji, na kwenye mkutano wa Ijumaa atanyang'anywa ufunguo mbele ya watu.

"Mashine haidanganyi," bosi akasema. "Wewe niandikie tu kwamba mfumo uko sawa."

Nilitaka kuandika, nisifiche. Lakini roho iligoma, nikapanda gari la Handeni kwenda kijijini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule Mshambaa mwenye boksi?"

"Ndiye mimi."

"Haya, mtani wangu, boksi lako limenivua nguo. Miaka yote nimeshika ufunguo huu sijaitwa mwizi. Binti yangu anaolewa hapa hapa kijijini, nitapita wapi?"

Nikafungua laptop nikaiunganisha na boksi.

Alasiri akatumbukiza mwanzi. Robo tatu. Laptop yangu ikasema sifuri. Baada ya dakika chache nikasoma tena, ikasema robo tatu.

Mama akaniangalia.

"Umeona? Likiamka tu linasema uongo. Likishachangamka linasema kweli."

Wakuu, mimi mwenye laptop sikuwa nimeliona hilo. Mama wa mwanzi aliliona siku nyingi, ila hakuna aliyemuuliza.

Ilikuwa hivi. Child alikuwa anasomwa huku parent amelala, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia asijali. Usomaji wa kwanza ulishindikana, na driver yangu, bila hata kuangalia kosa, ikaandika sifuri. Baada ya hapo sehemu ya kurekebisha makosa ilimwamsha parent, ndiyo maana usomaji wa pili ukawa sawa. Na ripoti ilikuwa inachukua usomaji wa kwanza.

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikachimba mpaka mzizi. Ukiomba kifaa kiamke kwa pm_runtime_get_sync, hesabu ya wanaokihitaji kiwe macho inapanda hata kama kuamka kumeshindikana. Mimi nilikuwa siishushi. Ndiyo maana tangu mwanzo child alihesabika yuko macho.

Nikampigia bosi.

"Zima huo usingizi kabisa, kifaa kiwe macho muda wote," akasema. "Na kwenye ripoti weka kosa la mwendeshaji."

Nikamwambia hapana. Akarudia, nikarudia. Kikikaa macho muda wote, mawingu ya siku mbili yanaua betri. Na mwendeshaji hana kosa. Akakata simu.

Ijumaa, mama akiwa ameshamkabidhi mwenyekiti wa kamati ufunguo, nikasimama mkutanoni, nikawaamkia wazee.

"Aliyekosea ni mimi. Daftari la mama lilikuwa sahihi siku zote."

Mwenyekiti akanikazia macho. "Kijana, unajua unajiharibia kazi?"

"Najua, mzee."

Tukaenda wote tangini. Nilikuwa nimeweka driver mpya tangu asubuhi, na boksi lilikuwa limelala mchana kutwa. Mwanzi ukasema robo tatu. Boksi, usomaji wa kwanza kabisa, likasema robo tatu.

Mwenyekiti akamnyooshea mama ufunguo. Mama hakunyoosha mkono.

"Iandikwe kwanza. Niliandikwa mwizi kwenye hicho kitabu chenu cha mikutano, na hili liandikwe humo humo."

Likaandikwa, likasomwa kwa sauti. Ndipo akapokea.

Bosi hajanipigia tena. Poa tu, simu za kutengeneza bado zinakuja.

Nilichojifunza: usimwambie parent apuuze watoto ili kuficha kosa lako mwenyewe. Kila uliyemwamsha, mruhusu alale. Usomaji ukishindikana, sema umeshindikana, usiandike sifuri. Na jaribu kifaa kikiwa kimelala kweli, siyo mezani tu.

Mnaojua kernel kunizidi, karibuni mnikosoe kwa code. Wa "mashine haidanganyi" nanyi karibuni, nipo.

Kwenye ripoti ya kamati sasa kuna safu ya mwanzi wa Mama Mwanaidi. Vikitofautiana, boksi langu ndilo linaloanza kuhojiwa.