Riziki, ulibatumia barua gani?

Riziki ameenda. Naandika hii, nafuta, naandika tena. Jumatatu alikuwa ananicheka, jamani. Jumatano hayuko!

Kwa bale hawakumjua: Riziki wa Uvira, fundi cherehani hapa kambi ya wakimbizi Dzaleka, Malawi, pale pembeni ya soko. Malaria ilimpanda kichwa. Wakamkimbiza hospitali Lilongwe, na hakurudi na miguu yake. Tulimzika juzi.

Mi ni Amisi wa Kindu, yule anauza viatu mbele ya cherehani yake. Yeye aliniita "Monsieur Woga". Haki yake. Mi naogopa kila kitu, hata sasa naogopa kuandika hii post.

Wengi hamjui kama Riziki aliomba nafasi université, section ya animation. Njo kazi ya kufanya kitu kisicho na uhai kitembee: unasogeza kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Bantu wanaomba kutoka dunia nzima na université inachukua bachache tu. Nilimwambia, "Dada, we na cherehani ya mkono?" Akanijibu, "Ndiyo. Mi na cherehani ya mkono."

Walitaka filamu ya dakika moja. Yake ilikuwa kuku ya jirani iliyomeza bobine ya cherehani, uzi ukabaki unatoka mdomoni, ikakimbia nao kambi nzima. Ilitokea kweli! Wateja wa siku ile mnakumbuka. Riziki alikata kuku kwenye masalio ya kitenge, nyumba akazikata kwenye jeans ya zamani.

Yeye alisogeza vitambaa, mi nilishika telefone. Mikono yangu ilitetemeka. "Amisi! Unashika telefone ao unashika nyoka?"

Wiki zile vita ilikuwa inakaribia Uvira tena. Kaka yake alibaki kule. Telefone ikilia katikati ya picha, tuliacha kuku kwanza. Akisoma message, akaona kaka iko mzima, anasema "Merci Yesu", anarudi kwa kuku.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Université walitaka pia barua: we ni nani, kwa nini unataka kusoma kwetu. Mi nimefanya interview ya resettlement, ile ya kupelekwa nchi ingine, mara tatu, nikajiona mtaalamu. Nikamwambia, "Weka vita. Weka namna mlikimbia Uvira, weka kifo cha baba. Bila vita hawatakusikia." Akaandika yote, na mwisho akaweka "naomba ulinzi". Nilisoma, nikafurahi, nikasema iko sawa kabisa.

Siku ya deadline tulienda Lilongwe, mtaa wa Nsungwi, kwa dada mmoja wa kanisa lake mwenye wifi, kwa sababu kambini video ilikuwa inakwama. Riziki akasoma barua tena mpaka mwisho. Kisha: "Amisi, hii ni ya bureau ya wakimbizi. Hawa wa université bananiuliza juu ya kuku."

Nikamkatalia. Kila mtu Dzaleka anajua: ukibadilisha histoire yako, dosye yako ya ukimbizi inakufa. Tunafundishana hata batoto. "Usibadilishe! Watasema unadanganya!"

"Dosye gani, Amisi? Bananijua wapi? Sijawaambia kitu bado!"

Tuligombana vibaya, wallahi. Yule dada akajifanya anaosha vyombo. Mwisho Riziki akanisukuma nje: "Nenda unitafutie mandasi." Niliporudi, computer ilikuwa imefungwa.

"Umetuma gani?"

"Kula mandasi."

Nilimuuliza mpaka tukafika kambini. Nilimuuliza kesho yake, na kesho kutwa. Anacheka tu, anakanyaga chini kama mtu iko na cherehani ya mguu.

Hata hospitali nilitaka kumuuliza. Mtu iko na drip, anatetemeka na homa, na mi kichwani: alituma gani? Nilisikia haya. Sikuuliza. Nikamshika mkono, akasema polepole, "Monsieur Woga, mkono yako baridi." Sikumsikia tena akiongea.

Kwenye matanga nilikaa na wanaume, nikala nsima, ugali wa hapa, bila kusikia ladha. Niliwaza kitu kimoja: kama alitii maneno yangu, basi mi njo nilimharibia nafasi yake ya mwisho.

Jana mama yake alinipa telefone ya Riziki, nitafute numero ya kaka. Kaka alipokea. Kilio chake sitakisahau. Nilipomaliza, nikaona pale email aliyowatumia université. Nilizunguka soko mara mbili mbele ya kuifungua.

Hakunitii, bantu ya Mungu! Vita haimo. Aliandika Kingereza yake ya darasa la jioni, mi naitia Kiswahili:

"Mi ni fundi cherehani. Kuku ilimeza bobine yangu, nikacheka siku nzima, na nilitaka wengine wacheke. Mtaona picha zinatetemeka. Aliyezipiga ni rafiki yangu Amisi, anaogopa sana, lakini hakukosa hata siku moja. Tafadhali msihesabu kama makosa. Mi nazipenda vile."

Nililia palepale mbele ya viatu. Mteja mmoja akanishikia duka.

Riziki, jibu linakuja mwisho wa mwezi. Telefone yako naichaji mi, mama amekubali. Wakikukataa, nitagombana nao kwa Kingereza yangu mbaya. Wakikukubali, sijui, dada. Nitawaambia njo mi yule Amisi, na yule waliyemkubali hawezi kuja. Hiyo email naiogopa kuliko kitu chochote, na nitaiandika.

Cherehani yako tumeifunika na kitenge cha kuku. Pumzika, Riziki wa Uvira. Lala salama, dada yangu, mi niko hapa nashika telefone.