Kesi ya Bi Tabu Katika Ua Wetu wa Rosettenville

Nilipokuwa mtoto nilikuwa mwongo wa kupigiwa mfano, na uongo wangu mkubwa kuliko wote ulimhusu jirani yetu wa Rosettenville, mtaa wa Johannesburg, Dona Lurdes, mjane wa Kireno aliyevaa nyeusi kuanzia Januari mpaka Desemba. Kila asubuhi, sisi tukisubiri gari la shule, yeye alizunguka ukuta wake akinyunyiza chumvi na kunong'ona peke yake. Patrick, mtoto wa fundi cherehani kutoka Lubumbashi tuliyekaa naye ua mmoja, alikata shauri siku ya kwanza tu kwamba ni mchawi: "Ule mwanamuke ni mulozi. Kweli kabisa."

Nami nikaona Patrick asinizidi. Nikasema nimemwona Dona Lurdes akimwaga chumvi mlangoni kwa kina Patrick, tena akitaja jina la mdogo wake Patrick, aliyekuwa akikohoa wiki nzima. Eish! Watoto wote walinizunguka, nikajisikia malkia. Kumbe mama yake Patrick alikuwa upande wa pili anaanika nguo, na neno halikumpita. Kufikia Ijumaa alikuwa amekwisha kupanga na wenzake wa kanisani: Jumapili, baada ya ibada, wangesimama wote getini kwa Dona Lurdes na kumkemea pepo kwa sauti, mtaa mzima ukiona.

Hamu ya kula ilinitoka. Nilijua yule mama wa watu ataaibishwa bure, na nilijua neno la kumwokoa lilikuwa mdomoni mwangu. Lakini kulisema maana yake ni kuchekwa mpaka nizeeke.

Wakati huo Bibi, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Morogoro kukaa nasi. Jumamosi mchana, habari za Jumapili zikiwa zimemfikia, alitazama sahani yangu, kisha akanitazama mimi. Alitoka uani akapiga makofi.

"Watoto, njooni tucheze kesi!"

"Kesi gani, Bibi?"

"Ya mchawi. Enzi za Mwingereza, kijijini kwetu. Mpaka leo mimi sijaielewa. Hebu nione nyie watoto wa Joburg mna akili gani."

Nani angebaki ndani? Patrick akawa Bwana D.C., yule Mwingereza mkuu wa wilaya. Bibi alimvika chujio la tambi kichwani, akamkalisha juu ya kreti la soda na kumwonya kwamba Bwana D.C. hacheki. Dada yake, Gloria, akawa mkalimani. Mimi nikapewa kuwa mshtakiwa, Bi Tabu, mfinyanzi wa vyungu aliyesemwa kwamba ameua mbuzi wa jumbe kwa uchawi.

"Na wewe, Bibi?"

"Mimi shahidi. Mtoto wa miaka minane."

Tulicheka mpaka chujio likaanguka. Bibi na miaka yake sabini alivua viatu, akafunga khanga nyuma ya shingo kama kitoto, akatia kidole mdomoni na kuanza kujinyonganyonga. Patrick akatoa Kiingereza cha puani ambacho hakuna Mwingereza angekitambua. Gloria, uso mkavu, akatafsiri: "Bwana D.C. anasema, serikali haiamini uchawi. Haya, mleteni mchawi."

Shahidi akasimama. "Nilimwona Bi Tabu alfajiri," alisema kwa sauti nyembamba, "anacheza uchi nyuma ya zizi la jumbe. Miguu imejaa matope."

Watoto hoi kwa kicheko. Mimi nikaruka. "Mwongo huyu! Bi Tabu ni mfinyanzi! Alitoka mtoni kuchimba udongo!"

"Kaa chini," Bibi akasema. "Bi Tabu hakuulizwa."

Alimnong'oneza Patrick hukumu, naye akaitoa: serikali haiamini uchawi, ila kwa ajili ya amani Bi Tabu ahamishiwe wilaya nyingine, asirudi. Kisha Patrick mwenyewe akavua chujio, amekunja uso.

"Lakini Bibi, kama bulozi haiko, anamufukuza ya nini?"

"Ndilo swali langu, mwanangu. Miaka sitini nalitafutia jibu."

Gloria naye alikuwa na lake. "Na yule mtoto, alimwona kweli?"

Bibi akatoa kidole mdomoni. Alipojibu, sauti ilikuwa yake mwenyewe. "Hapana. Alitaka wenzake wamsikilize."

"Umejuaje?"

"Ndiye mimi."

Akatuambia kwamba siku ya kuhama Bi Tabu alipita mbele ya nyumba yao na chungu kimoja kichwani, naye Bibi akajificha nyuma ya mlango mpaka nyayo zikaisha. Halafu akajifuta macho kwa ncha ya khanga na kuangaza huku na huku. "Haya, Bwana D.C., usifunge kesi. Uliza kama kuna shahidi mwingine."

Hakuniangalia hata kidogo. Mama Patrick alikuwa amesimama mlangoni, chanuo mkononi, anatusikiliza. Nikasimama.

"Mimi nilidanganya. Sikumwona Dona Lurdes mlangoni kwenu. Nilitunga." Nikaangua kilio.

"Mungu wangu!" Mama Patrick akashika kichwa. "Na nguo ya Jumapili nimeshapiga pasi!"

Bibi ndiye aliyeanza kucheka, kisha Mama Patrick mwenyewe, kisha sote, mimi nikiwa bado nalia. Patrick akarudisha chujio kichwani na kunihukumu kwenda kuomba radhi saa ile ile, mahakama nzima ikinisindikiza. Gloria alimweleza Dona Lurdes kwa Kiingereza. Yule mama alinikodolea macho, akanishika mkono, nikadhani nimekwisha. Akanipeleka ukutani na kunionyesha konokono. Walikuwa wanamalizia kabichi zake, ndiyo maana ya chumvi. Na ule mnong'ono? Alikuwa anawatukana.

Jumapili tulisimama getini kwake kweli, mtaa mzima ukiona, kila mtu na bakuli. Alikuwa amepika supu ya zile kabichi, na Mama Patrick alirudia mara mbili.

Bibi amekwisha kututoka. Siku hizi naicheza kesi hiyo na wanangu, wanaogombania chujio na kusema Kiingereza kizuri kuliko cha Bwana D.C. wetu. Zamani niliamini Bibi aliutunga mchezo ule ili aniokoe mimi na Dona Lurdes. Sasa nadhani alikuwa na haja yake pia. Miaka sitini hakuna aliyemuuliza kama alimwona kweli Bi Tabu, mpaka alipotokea Gloria wa miaka kumi na mmoja. Kwa hiyo nafasi ya shahidi simpi mtu. Navua viatu, nafunga khanga shingoni, na nikiulizwa najibu kwa sauti ya kufika mtaa wa pili: hapana, sikumwona.