Ngome ya Maboksi ya Viatu

Jana nilipofungua boksi la viatu vipya, harufu ya gundi ilinirudisha Guangzhou, kwenye chumba chetu kilichojaa mizigo. Baba alikuwa na picha ya magofu ya ngome ya Kijapani, nasi tukaijenga kwa maboksi. Vifuniko vikawa kambi za askari walioizingira.

“Adui aliingiaje?” nilimuuliza.

“Alifunguliwa na mtu wa ndani, mwanangu.”

Siku hizo polisi walikuwa wakisaka wasio na viza, nasi hatukuwa nazo. Tulimfungulia tu aliyegonga mara tatu.

Mlango ukagongwa mara tatu.

“Huyo mjomba wako, kanusa ugali,” Baba alicheka. “Kamfungulie.”

Nikakimbia. Nyuma ya mjomba walisimama polisi wawili.

“Shikamoo, Mjomba,” nilisema.

Aliangalia viatu vyake, akawapisha polisi waingie.