Kuruka Upande wa Kulia

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo atakayesoma anisamehe pale nitakapopanga maneno vibaya. Daftari nililokuwa nikiandika wakati ule bado ninalo, lakini karibu nusu yake ni malalamiko juu ya kipa mwenzangu, na nikiyasoma leo naona mengi sikumtendea haki. Nitajaribu kusema kama ilivyokuwa.

Timu yetu ilikuwa daraja la tatu pale Sumbawanga, miaka ya ruksa, mitumba ilipoanza kujaa sokoni na malori ya wanunuzi binafsi kufuata mahindi mpaka vijijini. Kocha wetu alikuwa fundi seremala, mtu mzima, mpole mpaka ashike filimbi. Saa kumi na mbili asubuhi tunaanza mazoezi ili watu wawahi mashambani. Mizunguko kumi kwanza, na baridi ile ya kipupwe ikikata masikio. Halafu pasi, lakini kwa mguu usioupenda. Anayependa wa kulia apige kwa kushoto. Kocha alikuwa akisema mguu mzuri hauhitaji mwalimu, umletee yeye ule mbovu.

Mwishoni tunaitwa makipa. Tulikuwa wawili, mimi Mfipa wa Izia, na mwenzangu Msukuma, ambaye ukoo wao ulihamia na ng'ombe nje kidogo ya mji. Glavu zilikuwa jozi moja, za mitumba, nene, nadhani zilishonwa kwa ajili ya watu wa theluji. Anayedaka ndiye anayevaa.

Uwanja wetu ulikuwa mgumu kama sakafu. Kocha akatuonea huruma, akatuhamishia pembeni, mpakani mwa shamba la mama mmoja aliyekwisha kuvuna maharage yake. Kushoto kwetu kulikuwa na ntumba, vile vilima vya udongo tunavyofukia majani ndani ili yaoze, na udongo wake ni laini kama godoro. Yule mama alikubali, akasema tumvunjie tu, mvua zikianza angevivunja mwenyewe apande ulezi. Kulia kwetu ilipita njia ya mikokoteni, kokoto tupu.

Sasa mtu yeyote angeona kosa liko wapi, ila sisi hatukuliona msimu mzima. Mpira ukija kushoto tunaruka kama ndege. Ukija kulia tunanyoosha mguu, au tunasema umetoka nje huo.

Mimi ndiye niliyeanza kugundua, zikiwa zimebaki wiki tatu tucheze na timu ya Matai mechi ya kupanda daraja. Sikugundua kwa akili. Niligundua kwa wivu, maana nilikuwa namwangalia yule Msukuma kila siku nikitafuta atakosea wapi. Ile mechi nilitaka kudaka mimi. Baba yangu alikuwa hajawahi kuja uwanjani, na safari ile alikuwa amesema atakuja.

Siku mbili nilinyamaza. Siku ya tatu nikamwambia. Ningependa kuandika kwamba ulikuwa wema, lakini na mimi kulia nilikuwa sijui, na nilihitaji mtu wa kunirushia mpira.

Alicheka sana. "Kwa hiyo wewe Mfipa umekaa unanikagua kama ng'ombe wa mnadani?"

Nikamwambia ng'ombe wa mnadani angalau anageuka pande zote mbili.

Ndiye aliyetoa wazo la zizi. Ng'ombe wakishatoka kwenda malishoni, zizi la kwao linabaki wazi, samadi ya miaka imelaliana, juu imekauka, chini inabonyea. Tukawa tunakwenda kila siku baada ya mazoezi. Yeye ananirushia kulia mara ishirini, mimi namrushia ishirini. Siku ya kwanza mama yake alisimama mlangoni, tukamwamkia shikamoo tukiwa tumelala chini. Akaitikia, akasema, "Ng'ombe wametoka, wameingia wengine." Halafu akatuletea maziwa ya mgando. Sijawahi kunywa maziwa matamu kama yale, nikinuka vile.

Mimi niliendelea kidogo. Yeye aliendelea sana. Daftari langu linasema ni kwa sababu alizoea samadi. Hiyo si kweli. Yeye hakuogopa kuanguka, mimi kila mara niliweka mkono chini kwanza.

Siku ya mechi Kocha aliniita nyuma ya choo cha uwanja, glavu kazishika mkononi.

"Nasikia mnaruka zizini," akasema. "Kulia nani yuko vizuri?"

Nilitazama jukwaani. Baba alikuwa ameshakaa, amevaa koti lake la kanisani.

"Yeye, Kocha."

"Na kushoto?"

"Kushoto tuko sawa."

Kusema kweli, nadhani kushoto nilimzidi kidogo. Mpaka leo sijui kama pale nilitenda haki au nilijidhulumu. Kocha aliniangalia kama anayepima ubao, akaenda kumpa mwenzangu glavu.

Nikakaa benchi. Tulitangulia kwa bao moja, na kipindi cha pili upepo ukawageukia Matai, wakatubana golini kwetu. Zikiwa zimebaki dakika chache, mshambuliaji wao mmoja akapata nafasi peke yake, akapiga chini, kulia kwa kipa.

Hapo ndipo siwezi kusimulia vizuri. Mwili wangu uliruka. Niliruka kulia kutoka kwenye benchi, kwa nguvu zote, na safari ile sikuweka mkono chini kwanza. Nikamwangukia mtunza vifaa wetu, tukaenda chini wote wawili. Nilipoinua kichwa, wachezaji wetu walikuwa wamemlalia Msukuma golini na watu wanapiga kelele.

Kwa hiyo sikuona. Wengine wanasema aliugusa kwa vidole, wengine wanasema aliukumbatia kabisa. Baba yangu anasema vidole, lakini baba alikuwa akiniangalia mimi, kwa maneno yake mwenyewe.

Filimbi ya mwisho ilipolia mwenzangu alikuja benchi, akaniuliza kama niliona.

"Sikuona," nikasema. "Na mimi nilikuwa naruka."

Akavua glavu, akanipa nimshikie.