Mgongo wa Chungu

Juzi nilikwenda duka la kompyuta pale Korogwe kutoa kopi ya kadi ya kliniki. Binti wa kaunta alikuwa amekunja uso. Kwenye kioo kuna chungu, anakifinyanga kwa mausi.

"Shikamoo, bibi. Nisubiri, hiki kitu kinanitesa."

"Marahaba. Kinakutesaje?"

Akanieleza kuwa karakana moja ya Tanga inatafuta mtu wa kuchonga mifano kwa kompyuta, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kupokea kazi za majaribio. "Wamenirudishia mara tatu, eti kimepinda. Mimi naona kiko sawa. Bora niache."

Nikakitazama. Kweli kizuri. "Na mgongo wake uko wapi?"

"Mgongo gani, bibi?"

Marehemu mama, mfinyanzi wa Handeni, alikuwa hakai chini akifinyanga. Alikizunguka chungu kinyumenyume, ameinama. Nikikaa mimi, ananichapa mkono: "Ukikaa mahali pamoja, chungu kitakucheka kwa nyuma."

Nikamweleza binti hivyo hivyo. Akabonyeza, chungu kikageuka. Nyuma kina nundu kama fahali wa Wamasai.

Binti akafuta chote, akavuta kiti, akaanza upya. Akigusa, anageuza; akigusa, anageuza. Wateja wawili walichoka wakaondoka. Mimi nilikaa.

Alasiri akatuma, na jibu halikuchelewa: aje Jumatatu kuanza kazi.

"Kumbe bibi unajua kompyuta!"

"Sijui hata inapowashwa," nikamwambia. "Najua chungu. Sasa nitolee kopi yangu."

Nanyi mliokwama na mashine zenu, kabla hamjaziacha, tazameni kwanza upande wa pili.